Akili za Bwawani

Kwa miaka kumi na saba kazi yangu ilikuwa kushindwa na kunguru. Kwenye kitambulisho paliandikwa Msaidizi wa Mazingira, maneno yaliyowafanya ndugu zangu wa Ushirombo wadhani napanda miti. Watoto wangu waliujua ukweli. Mwalimu akiwauliza mama yenu anafanya kazi gani huko mgodini, wanajibu bila aibu, "Anafukuza ndege." Darasa zima linacheka, na mwalimu naye.

Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi mnaobaki kitengoni mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Vyeo na mishahara nitaviacha, kwa kuwa vya kwangu havijazi ukurasa. Nitawaandikia habari za wanyama, maana wao ndio walionifundisha kazi. Na nitaandika habari za mwaka wangu wa mwisho, ambapo kundi zima la nyani lilikaribia kuuawa kwa sababu ya mdomo wangu.

Siku ya kwanza nilipelekwa bwawani nyuma ya gari la wazi, pamoja na magunia ya saruji. Kwa ndugu zenu watakaosoma na hawajaliona: bwawa la topesumu ni pale mgodi unapomwaga udongo uliosagwa na kuoshwa dhahabu kwa dawa kali. Udongo unatuama chini, maji yanabaki juu, na ukiyatazama kwa mbali yanapendeza kabisa. Kiangazi, malambo yote ya jirani yakishabaki matope yenye nyayo za ng'ombe, ni hilo tu linalong'aa. Ndege anayepita juu hasomi kibao chenye fuvu la kichwa. Kazi yetu ilikuwa kumwambia kabla hajatua.

Aliyenipokea ni Mzee Masanja, Msukuma wa Kishapu, mrefu, mkavu, aliyechunga ng'ombe nusu ya maisha yake kabla ya kuja mgodini.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Msumbwa?"

"Ndiye."

"Haya. Wasumbwa mna kelele. Labda utafaa."

Akanikabidhi vifaa vyangu: filimbi, kopo la maziwa lenye kokoto ndani, darubini yenye jicho moja zima, penseli na daftari. Penseli, si kalamu, kwa sababu kalamu kwa jua lile huvujia mfukoni. Nikauliza daftari ni la nini.

"La wanafunzi."

"Wanafunzi gani?"

Akaelekeza kidevu kwenye nguzo ya taa walipokuwa wamekaa kunguru watatu. "Hao. Sisi ndio shule yao. Unachowafanyia leo, kesho wanakijua. Kwa hiyo andika umewafundisha nini, usije ukarudia somo."

Nilidhani ananitania. Haikupita wiki nikaanza kuandika kwa bidii.

Wakati ule tulikuwa tumeletewa mzinga wa gesi, mashine inayolipua mlio mkubwa bila kutoa risasi. Uliwekwa ulie kila baada ya dakika kumi. Siku ya kwanza kunguru walitawanyika mpaka ng'ambo ya kilima. Siku ya tatu walikuwa wakiruka mara tu mlio unapotoka, wanazunguka, wanarudi. Siku ya sita nikawaona kwa jicho langu moja la darubini wakiruka kabla ya mlio. Dakika ya tisa inaisha, kunguru hao wanainuka taratibu kama watu wanaotoka ibadani, mzinga unalia hewa tupu, nao wanatua tena kwenye takataka za mpishi. Fundi akaja kuubadilisha uwe unalia ovyo ovyo, mara dakika tatu, mara kumi na moja. Kwa siku nne tulishinda. Ya tano wakajua kwamba koki ya gesi hutoa mlio mdogo kabla ya ule mkubwa. Mimi niliyekaa hatua kumi kutoka kwenye mashine nilikuwa sijausikia. Nilianza kuusikia nilipoona wao wanausikia.

Si wote wenye akili, na Masanja hakupenda nimgawie mnyama akili asiyokuwa nayo. Siku moja nilimsifia kanga kwa mavazi yake, akanichukua nikaangalie kanga mmoja aliyekuwa nje ya kundi, upande wa pili wa waya. Alikimbia mbele na nyuma kutwa nzima akitafuta njia, na lango lilikuwa wazi hatua mbili kutoka alipokuwa akigeukia. "Andika na huyo," Masanja akasema. "Tena andika kwa herufi kubwa." Korongo nao mwaka mzima walipigana na sura zao kwenye kioo cha gari kilichovunjika. Kila mnyama alikuwa na ukurasa wake, na kurasa nyingine zilikuwa fupi sana.

Sasa nyani. Waliishi kwenye kilima cha mawe upande wa kaskazini, kundi la kama arobaini. Wakulima wote wa huku wanajua jambo ambalo mimi sikulijua: nyani hamwogopi mwanamke. Mara yangu ya kwanza kuwakuta karibu na bwawa nilipuliza filimbi mpaka mashavu yakauma. Wakanitazama. Dume mmoja akapiga miayo akanionyesha meno yote, akaendelea kujikuna. Masanja alitokea nyuma yangu akakohoa tu, na wote wakaondoka.

Nilikasirika, nawaambia kweli. Nikarudi kesho yake nimevaa suruali na koti la mume wangu, na kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Siku mbili nilikuwa mwanaume, wakanikimbia vizuri kabisa. Siku ya tatu jike mmoja mwenye sikio lililochanika akakaa njiani akanitazama ninavyotembea, kuanzia kofia mpaka viatu, halafu kuanzia viatu mpaka kofia. Akageuka akaanza kumchambua mwanawe chawa. Wenzake walipoona yeye hakimbii, nao wakatulia. Masanja alicheka mpaka akakaa chini. Tukambatiza yule jike Mama Mkwe, kwa ule mtazamo wake.

Kuanzia hapo nikaacha kumpigia makelele, nikaanza kumwangalia, na ndipo Masanja aliponipa somo ambalo nawaachia kama lilivyo: kabla hujamfukuza mnyama, jua anataka nini. Mchungaji anayempiga ng'ombe bila kujua anakimbilia wapi atashinda anakimbia yeye.

Kila Jumatatu alikuja Neema wa maabara kuchukua maji kwenye chupa. Neema alisoma baiolojia chuo kikuu na alikuwa mtu wa maneno, hivyo tulielewana mara moja. Siku moja nilimwonyesha ukurasa wa kunguru na mzinga, akausoma wote.

"Mama Doto, unajua unachofanya hapa? Unachuja."

"Nachuja nini?"

"Kunguru. Asiyesikia koki anashtuka, hashibi, hana nguvu ya kulea. Anayesikia anashiba, anazaa, na makinda yake yanajifunza kwake. Ukiendelea hivyo vizazi na vizazi, utabaki na wajanja tupu."

"Kwa hiyo hawa wanaonidharau nimewatengeneza mimi?"

"Wewe umeongeza chumvi tu. Chungu kilikuwa jikoni kabla watu hawajawako."

Akanieleza kwamba ndege na wanyama wa manyoya walitengana zamani mno, kwa mababu ambao hawakuwa na akili ya kusimulia. Kila upande ukashika njia yake. Ubongo wa kunguru umejengwa kwa namna yake na wa nyani kwa namna yake, na bado wote wawili wamefika mahali pa kukumbuka, kulinganisha na kudanganya. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko yote niliyowahi kuambiwa mgodini. Nilikuwa nadhani akili ni ngazi moja, sisi tuko juu, wengine wamechoka njiani.

"Na nyani yeye alipataje?" nikauliza.

"Wasomi wanabishana. Wengine wanasema ni chakula, kukumbuka mti gani unaiva lini na maji yako wapi. Wengine wanasema ni kuishi wengi. Nyani lazima ajue nani mtoto wa nani, nani kagombana na nani, na ukimpiga huyu shangazi yake atatokea wapi. Hesabu hiyo haiishi."

Nikawafikiria mawifi zangu wa Bukombe, nikaona hoja ya pili ina nguvu sana. Masanja aliyekuwa akisikiliza akasema ng'ombe wake walikuwa na akili kabla ya chuo kikuu, akaondoka zake kwenda kujaza gesi.

Masanja alistaafu nikiwa na miaka tisa kazini. Alirudi Kishapu, nikabaki na daftari, ambalo wakati huo lilikuwa madaftari sita. Miaka iliyofuata ilikwenda vizuri. Tuliletewa mipira myeusi ya kuelea juu ya maji, darubini yenye macho mawili, na bango jipya lenye fuvu kubwa zaidi. Kunguru walijifunza kukaa juu ya mipira. Ndege waliokufa walipungua mwaka hadi mwaka, na nyani aliyekufa bwawani sikuwahi kumwokota hata mmoja. Hilo lilikuwa kwenye madaftari yote, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilidhani ni sifa yangu.

Sasa nifike kwenye kosa.

Nyinyi mnajua, lakini niliweke wazi: kwa lugha ya machimboni nyani si mnyama. Ni kijana anayeruka ukuta wa mgodi kwenda kuokota mawe yenye dhahabu, na wakija kundi ni manyani. Zamani kitengo chetu kilikuwa na masafa yake ya redio, ukisema nyani kila mtu anajua ni yule mwenye mkia. Mwaka jana masafa yetu yakaunganishwa na ya ulinzi. Barua ililetwa, nikaisaini, sikuisoma. Asubuhi ya Jumanne moja, mwezi wa tisa, jua likiwa kali, nikawaona wanapenya chini ya waya. Nikashika redio.

"Nyani kama arobaini wameingia uzio wa kaskazini, wanaelekea bwawani. Ova."

Sauti nisiyoijua ikajibu, "Arobaini? Rudia. Ova."

"Arobaini. Wengine wamebeba watoto mgongoni. Ova."

"Wamebeba watoto? Wana silaha? Ova."

"Meno tu," nikasema, nikidhani ananitania.

Yakaja magari mawili, vumbi mpaka mbinguni. Walinzi walikuwa na kofia ngumu, ngao na virungu, na mbele yao Afande Luhende, mkuu mpya wa ulinzi, wiki ya tatu tangu aripoti. Gari la kwanza likatumbukia kwenye mtaro wa maji ya mvua. Walinzi wakashuka, wakajipanga, wakainua ngao. Nyani wakapanda ukingoni, wakakaa kwa mstari, wakatazama. Dume mmoja akashuka, akapanda kwenye boneti ya lile gari lililokwama, akang'oa waipa moja akaondoka nayo. Saa ya chakula cha mchana bwalo zima lilikuwa limeshampa Afande jina: Mkuu wa Manyani. Kufikia jioni hata wapishi walilitumia, na mmoja alilitumia akimpakulia.

Luhende alikuwa mtu mnyoofu aliyetoka jeshini, wa kupiga pasi hata kamba za viatu. Hakucheka. Wiki iliyofuata ikatoka barua yenye mhuri: kundi la nyani linavamia eneo la hatari, linakunywa maji yenye sumu, linahatarisha wafanyakazi na turubai lililotandikwa chini ya bwawa, hivyo kibali kimepatikana cha kupunguzwa kwake. Askari wa wanyamapori atafika Ijumaa ya wiki ya pili. Nimeishi na maneno ya ofisini vya kutosha kujua kupunguzwa ni nini. Nilisoma barua ile nimesimama, nikatafuta pa kukaa. Mama Mkwe alikuwa mzee sasa, manyoya ya kidevuni yamekuwa meupe, na mimi ndiye niliyemwitia bunduki.

Nikaenda ofisini kwa Afande.

"Shikamoo, mama," akasema. Hasira zote zile, na bado aliniamkia.

"Marahaba. Afande, wale nyani hawanywi lile bwawa."

"Mama, mnyama mwenye kiu akiona maji anakunywa. Hiyo ndiyo akili yake yote."

"Kwa miaka kumi na saba sijaokota hata mmoja aliyekufa."

"Basi kila siku saa tatu wanaenda kufanya nini pale? Kuogelea?"

Miaka kumi na saba, madaftari kumi na mawili, na swali hilo sikuwa nimeliandika popote.

"Ukipata jibu kabla ya ile Ijumaa, njoo," akasema. "Usipolipata, unisamehe. Mimi nina watu wa kulinda."

Nikatoka nikampigia simu Mzee Masanja.

"Mwangaluka, Mzee."

"Mwangaluka, Msumbwa. Umestaafu?"

"Bado. Nimeharibu." Nikamweleza yote, mpaka waipa. Akacheka kwanza.

"Unawaangalia wakiingia," akasema. "Wakitoka unaangalia wapi?"

"Nahesabu kama wametoka wote."

"Angalia mikono. Ng'ombe nilikuwa namwangalia kwato, najua amekunywa lambo gani. Nyani ana mikono, mshukuru Mungu."

Kesho yake nilijilaza juu ya kichuguu nyuma ya ukingo wa bwawa, jua mgongoni ili darubini isimetemete. Hilo nalo liandikeni. Saa tatu wakaingia, wakapita kandokando ya bwawa bila kusimama, wakapotelea kwenye vichaka vya juu. Kama saa moja baadaye wakarudi. Nikamlenga Mama Mkwe. Tope la bwawa letu ni la kijivu, likikauka linashika kama saruji. Mikono yake ilikuwa na mchanga mweupe, mbichi, mpaka kwenye viwiko.

Nilicheka peke yangu pale juu ya kichuguu, na machozi yakanitoka.

Huko juu ya bwawa, maji ya mgodi yasikofika, kunashuka kijito kutoka kilimani. Kiangazi ni mchanga mtupu, hakuna mtu anayekiita kijito. Nikakifuata. Kwenye kona moja nikakuta mashimo saba, kina cha mkono mmoja, na chini ya kila shimo kikombe cha maji. Njia yao ya zamani kwenda pale ilipita ng'ambo ya kilima, nasi ndio tuliowazibia kwa uzio mpya wa mwaka juzi. Njia iliyobaki ilikuwa ukingo wa bwawa. Neema akaja na chupa zake. Siku ya pili akaniletea majibu: maji yale ni safi kuliko ya bwaloni. Tukatembea ukingo mzima wa bwawa tukitafuta alama ya kiganja kwenye tope la kijivu. Hapakuwa na hata moja.

Nikampelekea Afande karatasi ya maabara ikiwa imebaki siku moja. Akaisoma mara mbili, kwa haki kabisa.

"Hii inasema kuna maji safi pale. Haisemi nyani ndiye aliyeyatafuta. Pengine wamechimba watu, yeye anafuata. Mnyama hachagui maji, mama. Huyo si injinia."

"Basi kesho njoo ukae na mimi. Saa moja tu. Bunduki ije, nayo ikae."

Nadhani alikubali kwa sababu ya mvi zangu. Au alitaka yaishe.

Ijumaa asubuhi tulikuwa watatu nyuma ya mawe juu ya kijito: mimi, Afande Luhende, na askari wa wanyamapori, kijana mpole mwenye bunduki ndefu aliyenyoosha mguu wake kama mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi. Kutoka pale uliona vyote viwili, mchanga chini yetu na bwawa upande wa kushoto likimeremeta. Nilisali kimoyomoyo rozari nusu. Niliogopa wasije. Halafu niliogopa waje.

Wakaja. Walipita hatua tano kutoka kwenye maji ya bwawa, na mtoto mmoja wa nyani akasimama kuyatazama, kisha akakimbilia wenzake. Walipofika mchangani wakakuta yale mashimo saba yamefukiwa. Upepo wa usiku ule ulikuwa mkali, kona yote imekuwa tambarare. Askari akainua bunduki, akaegemeza kitako begani.

Mama Mkwe akazunguka. Akanusa hapa, akaacha. Akaenda kwenye mzingo wa nje wa ile kona, penye nyasi kidogo zenye ukijani chini ya jiwe, akakaa, akaanza kuchimba. Alichimba kwa mkono mmoja, akiutupa mchanga upande wa chini ili usirudi. Alichoka akapumzika, akaendelea. Mkono ukazama mpaka kwenye kwapa. Ulipotoka ulikuwa umelowa.

"Ni pale pale," Afande akanong'ona.

"Pale wapi?"

Watoto wa nyani walikuwa wamejaa kuzunguka shimo. Mmoja akainamisha kichwa kunywa, na Mama Mkwe akamzuia kwa mkono, akamsogeza nyuma. Akaja mwingine, akamsogeza. Akakaa tu, ameweka mkono juu ya shimo, anatazama chini. Neema angesema pengine analinda zamu yake, na kweli ushahidi wa kilichomo kichwani mwa nyani sina. Askari akafunga jicho moja.

"Anangoja yatakate," Afande akasema, si kwa kunong'ona tena. "Maji ya kwanza yana mchanga, yanaumiza tumbo. Mama yangu alikuwa anatusogeza hivyo hivyo. Tunalia na kiu, anatusogeza. Kishapu, mtoni. Pale pale kwenye mzingo wa nje." Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, umekuwa wa mtoto.

"Afande, nimempata vizuri," askari akasema. "Nianze na huyo?"

"Shusha."

"Kibali kinasema..."

"Shusha hiyo bunduki, ngosha," akasema, akimwita mwanaume kwa Kisukuma. "Huyo mama hajanywa bado."

Askari akashusha. Tukakaa. Jua lilikuwa linapanda na mawe yameanza kuchoma, na hakuna aliyejisogeza. Hatimaye Mama Mkwe akaondoa mkono, watoto wakanywa mmoja mmoja wakisukumana, kisha majike wengine, na yeye akanywa mwisho, kwa muda mrefu, kichwa chote kimezama shimoni. Afande akavua kofia yake akajifuta uso, jasho na mengineyo. Akainuka akaniuliza mkasi wa kukatia nyaya uko kwenye gari lipi.

Kwa hiyo lile pengo kwenye uzio mpya, ng'ambo ya kilima, ambalo mkaguzi huwauliza kila anapokuja na nyinyi hamjui cha kumjibu, si uzembe wa mtu. Lilikatwa na mkuu wa ulinzi kwa mkono wake, ameivua fulana yake ya kung'aa ameitundika kwenye waya. Msilizibe.